Picha ya Mchumba Imekwama Puani

Bi Mwanaheri, asalaam aleikum,

Mimi ni msomaji wako wa kila Jumamosi na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nami nitakaa chini nikuandikie, kwa sababu shida za watu wanaokuandikia huwa ninazicheka, walaahi ninazicheka hadi mke wangu ananinyang'anya gazeti, lakini sasa mimi ndiye ninayechekwa Garissa nzima, kuanzia soko la mifugo mpaka mlangoni kwangu, na sina pa kuuweka uso wangu. Majina usiyafiche, yachape tu yalivyo, maana hapa mtaani Iftin hakuna asiyejua habari hizi, hata wasiojua kusoma wanazijua vizuri kuliko mimi.

Naitwa Awil, ni dalali wa mifugo, nina mke wangu Sharifo, na mama yangu mzazi Raho naishi naye, Mungu amzidishie umri, na binti yangu mkubwa ni Ruweyda, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mpole asiye na neno na mtu. Baada ya Idi walikuja watu wa heshima kutoka Eastleigh, wakasema wana kijana wao anaitwa Abdimalik, yuko Kanada, ana kazi, anaswali, na anamtaka Ruweyda. Nikawajibu mbele ya wazee kwamba ukoo naujua na dini yake nimeisikia, lakini mimi maisha yangu yote nanunua kwa macho, sijawahi kununua hata mbuzi kwa kuambiwa, basi nionyesheni uso wa kijana, na siku nitakayouona ndiyo siku mtakayopata jibu. Wakasema posta inachelewa, siku hizi huko ughaibuni picha hutumwa kwa kompyuta na hufika kabla mtu hajapangusa jasho.

Hapo ndipo alipoingia Kulow. Huyu Kulow amefungua duka la kompyuta karibu na soko, na ni wakala wa kampuni moja ya Nairobi inayojiita Mshale, na ukutani kwake amebandika tangazo lenye mshale unaowaka moto, limeandikwa kwa herufi kubwa INTANETI YA NYUMBANI, KASI HADI 56. Nikamuuliza, picha ya mtu mmoja, kichwa na mabega tu, itachukua muda gani? Akacheka, akaniambia, "Adeer, kikombe chako cha chai hutakimaliza." Adeer ni baba mdogo kwetu sisi, na mtu akikuita adeer huku anacheka ujue anakuuzia kitu, hilo nalijua mimi mwenyewe nikiwa kazini, lakini siku hiyo nililisahau. Nikachukua kompyuta, nikachukua na hiyo modemu inayounganishwa na simu, nikaweka sebuleni, juu yake Sharifo akatandika kitambaa cha kufuma.

Picha ilipotumwa nikaita watu. Nilichinja, Bi Mwanaheri, nisikufiche. Baada ya alasiri sebule ikajaa, ndugu zangu, majirani, wajumbe wa wale watu wa Eastleigh, mama yangu kwenye mto wake, na Kulow mwenyewe akaja akabonyeza. Modemu ikalia kama ngamia aliyekanyagwa, halafu ikanyamaza, na pembeni mwa kioo ikajiandika 14. Nikamuuliza Kulow, hii kumi na nne ni ya nini na ile hamsini na sita iko wapi? Akasema, "Itapanda, adeer." Haikupanda. Kisha picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari baada ya mstari, kwa mwendo wa mtu anayepanga matofali. Tuliona mbingu kwanza. Baadaye nywele. Chai ikanywewa, ikaletwa nyingine. Likaja paji la uso.

"Paji pana," mama akasema. "Huyu ana akili."

Ndugu yangu Mahat akatikisa kichwa. "Paji kama hilo nimeliona kwa mabahili tu."

Wakaanza kubishana juu ya paji, na nyusi zikaja wakabishana juu ya nyusi, macho yakaja, mazuri, hata Sharifo alisema ni mazuri, pua ikaanza kuchomoza na mimi tayari nimeshakohoa niseme neno langu, mara kompyuta ikalia pii na picha ikafa hapohapo juu ya pua. Mama hakuwepo kwenye mto wake. Kumbe alikuwa amechoka kungoja, ameingia chumbani kwake kumpigia dada yake aliyeko Wajir, akanyanyua mkonga wa simu akasikia sauti ya jini anayekaangwa, akautupa mkonga huo chini ya kitanda, na tulipomkuta alikuwa anasoma Ayatul Kursiyu. Tukaanza upya, na ukianza upya unaanza na mbingu. Watu wakaondoka.

Mara ya pili nikamkalisha mama mbele kabisa, simu ya chumbani kwake nikaing'oa ukutani, ikabaki ile ya ukumbini karibu na jiko, ambayo haina mtu, kwa sababu jikoni yuko Ruweyda peke yake, na yeye hata kuitazama picha haji, ana haya, maskini, kazi yake ni kuchemsha chai na kuuliza kwa sauti ya chini, "Aabo," yaani baba, "mmefika wapi?" Namwambia, mwanangu, tuko kwenye macho. Anarudi jikoni. Pii, puani. Mara ya tatu, vilevile, puani. Na jambo la kunitia wazimu ni kwamba alfajiri Ruweyda huifungua kompyuta hiyohiyo kusoma barua za walimu wenzake waliohamishiwa Bute na Mandera, na sijamsikia akilalamika hata siku moja. Kwa hiyo najua wazi kwamba Mshale wananipa kasi alfajiri na kuniibia jioni.

Basi, Bi Mwanaheri, nilimwendea Kulow. Alikuwa sokoni, siku ya mnada, katikati ya ng'ombe na watu, nami hasira zilinipanda nikamwita mwizi. Nilisema kwa sauti, na dalali ana sauti. Nikamwambia, "Umeniuzia hamsini na sita ukaniletea kumi na nne, na hizo kumi na nne hazifiki hata mdomoni!"

Akasema, "Adeer, soma tangazo. Imeandikwa hadi."

"Hadi ni nini?"

"Hadi ni hadi!"

Soko zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo sina jina. Wananiita Awil Nusu-Uso. Watoto wananiita hivyo, na imamu alitabasamu akinisalimia. Kulow naye amekwenda kwa wazee, anadai haal, ile fidia ya mtu aliyevunjiwa heshima hadharani, na wazee wanakaa Alhamisi baada ya kesi ya kisima. Wale wa Eastleigh wamepiga simu wakisema wanaona mimi ninachelewesha kwa makusudi, huenda nimempa mtu mwingine ahadi, na wakisubiri zaidi watatafuta nyumba nyingine. Ruweyda hasemi kitu, anazidi kukonda, nafikiri ni aibu anayoionea familia.

Nisaidie. Kwa nini kasi niliyoahidiwa siipati? Je, nimpe Kulow haal yake au nimpeleke mahakamani pamoja na mshale wake? Na hawa watu wa Eastleigh niwaambie nini, nami uso sijauona? Namba yangu ya simu iko chini ya sahihi, lakini ukipiga jioni huenda usinipate, sisi jioni tuko kwenye mbingu na nywele.

Wako katika fedheha,
Awil, Iftin, Garissa

*

Bwana Awil,

Nimekucheka kwanza, kisha nikakuhurumia. Ulikuwa unawacheka wenzako kila Jumamosi, kwa hiyo usinune.

Tuanze na neno lililokuvunjia heshima. Hadi ni dari, si sakafu. Mtu akikuambia hadi, anakuonyesha mahali ambapo kitu hakiwezi kupita, hajakuahidi kwamba kitafika. Na wewe, dalali mzima, unaniuliza mimi maana yake? Hujawahi kumwambia mteja kwamba fahali huyu akinenepa atafika hadi kiwango fulani, huku unajua alikotoka hakuna majani? Gari la shamba lina saa inayoandika mia na themanini. Nionyeshe mtu aliyeendesha mia na themanini kutoka Garissa kwenda Mwingi akabaki na meno. Ile 56 ilipimwa mahali ambapo waya ni mpya na mfupi, kituo cha simu kiko hatua chache, na hakuna mwingine kwenye njia. Kwako si hivyo. Nimemuuliza fundi mmoja wa simu, akaniambia waya mwingi wa huko kwenu umeshika kutu, na nguzo nyingine zimeinama tangu mvua za El Nino. Waya ukiwa na makelele, modemu hupunguza mwendo ili isikike, kama wewe unavyosema neno mojamoja ukimpigia mtu Mandera. Wewe tena umetundika simu mbili na modemu kwenye waya mmoja, na kila tawi linanyonya kidogo. Mnyanyuaji yeyote akinyanyua mkonga, basi, picha imekatika.

Halafu kuna saa. Wateja wote wa Mshale, wa kwenu na wa Nairobi, wanapita kwenye njia chache zilezile kufika nje. Wewe ni mtu wa mifugo, hili utalielewa haraka kuliko mimi. Kisima kimoja, ng'ombe wako wakifika alfajiri wanakunywa na kuondoka. Wafike wakati wa mchana mkali na makundi ya watu wote, watasimama wakilamba udongo. Hujaibiwa jioni, Bwana Awil. Umepanga foleni jioni. Na huyo kijana wa Kanada naye ametuma picha kubwa kama pazia, na mbingu nyingi isiyo na kazi. Mwambieni aikate ibaki kichwa na mabega.

Sasa usidhani namtetea Kulow. Mfanyabiashara mwenye haya huandika dari na pia huandika kile ambacho mteja wa kawaida hupata. Kulow alijua kwamba hakuna nyumba ya Iftin inayopata 56. Alijua, akakuambia habari za kikombe cha chai. Hilo ni kosa, na kosa hilo nimelisema hapa gazetini ili alisome. Lakini kumwita mtu mwizi mnadani ni jambo jingine kabisa, na ulimi huo ni wako.

Hayo ndiyo majibu ya kasi. Lakini barua yako niliisoma mara ya pili, na ya pili sikucheka.

Waya mbovu huchelewesha, na huweza kukata. Ila waya mbovu haujui pua iko wapi. Unakata popote, kwenye nywele, kwenye shavu, kwenye kifungo cha shati. Mara ya kwanza alikuwa mama yako, sawa. Ya pili na ya tatu mama amekaa mbele yako, simu yake umeing'oa, na picha inakatika palepale, muda mfupi baada ya mtu kuja kuuliza mmefika wapi. Nikaweka barua chini, nikapiga ile namba yako. Nilipiga mchana, saa ambayo nilijua uko sokoni ukiitwa jina lako jipya. Simu ilipokelewa na sauti ya upole.

Nikajitaja.

"Bi Mwanaheri wa gazetini?" akauliza.

"Mwenyewe. Na wewe ni Ruweyda wa chai."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Nikamwambia sitamzungusha. "Mkonga wa simu nani aliunyanyua?"

"Mara ya kwanza ni ayeeyo," akasema, yaani bibi yake. "Zilizobaki ni mimi."

"Humtaki huyo kijana?"

"Sijasema simtaki."

"Basi unamtaka?"

"Sijasema hivyo pia." Nikasikia anavuta kiti. "Picha yake niliifungua alfajiri. Ilikuja yote, mpaka viatu. Ni mtu wa kawaida, ana uso mzuri. Lakini baba aliapa mbele ya wazee kwamba akiuona uso atatoa jibu siku hiyohiyo. Sebule imejaa, nyama imepikwa, wajumbe wamekaa. Pua ikitokea mdomo unafuata, na mdomo wa picha ukitokea mdomo wa baba unafunguka. Mimi niko jikoni. Ningefanya nini? Nikanyanyua simu."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Bi Mwanaheri, baba ameiuliza kompyuta, amemuuliza Kulow, amewauliza wazee, na sasa naona ameliuliza hata gazeti. Mimi hajaniuliza."

Hapo mimi, ambaye nimeifanya kazi hii mpaka nimeota mvi, nikachukua kalamu. Nikamuuliza iwapo ninaweza kuyachapa maneno yake au niyameze.

"Yachape," akasema. "Nikimwambia mwenyewe nitalia, naye akiniona nalia atapiga kelele, si kwa ubaya, ndivyo alivyo. Lakini gazeti lako hulisoma kimya, mstari kwa mstari. Na umwambie Kulow asinilaumu, sikujua kwamba baba atamwita mwizi. Hilo ndilo linaninyima chakula."

Umesikia, baba wa watu? Hakondi kwa aibu ya familia. Anakonda kwa sababu mtu amesingiziwa mbele ya umma kwa kosa la mkono wake, na hajui aanzie wapi kusema. Una binti mwenye dhamira, na wewe ulikuwa unatafuta kutu kwenye waya.

Usimgombeze. Alifanya hila, kweli, na hila hiyo imekugharimu jina, lakini mlango mwingine ulimwachia upi? Ulisema hujawahi kununua mbuzi kwa kuambiwa. Vizuri sana. Ila anayeolewa si mbuzi, na macho yanayopaswa kuridhika kwanza si yako. Dini yako imekuamuru msichana aulizwe, na aulizwe kabla ya jibu, si baada ya pilau. Hilo hukuhitaji intaneti kulijua.

Fanya hivi. Usingoje Alhamisi. Nenda kwa Kulow sokoni, palepale ulipomtukania, siku ya mnada, na kwa sauti ileile ya dalali sema kwamba si mwizi na ulikosea. Watacheka. Waache wacheke. Kisha mpe haal yake, kondoo mnono, si yule kilema unayemfikiria sasa hivi. Baada ya hapo, naye akiwa ameshiba, mwambie abandike chini ya ule mshale wake karatasi inayosema nyumba za Iftin kwa kawaida hupata kiasi gani, alfajiri na jioni. Akikataa, niandikie, nami nitamtaja tena.

Simu zing'oe zote, ibaki moja. Mama Raho mwekee saa yake ya kuzungumza na dada yake, na hiyo saa uiheshimu kuliko barua za Kanada. Waombe watu wa simu wakubadilishie waya wa kutoka nguzoni hadi nyumbani, na uwakumbushe, na uwakumbushe tena. Ukitaka kufungua kitu kizito, fungua baada ya swala ya alfajiri. Hutapata 56. Ukipata nusu yake, shukuru na ukae kimya.

Wa Eastleigh wapigie leo. Waambie hujachelewesha kwa hila wala hujampa mwingine ahadi, ila ulitanguliza jambo la mwisho na sasa unarudi kwenye la kwanza. Watu wa heshima wataelewa. Wasioelewa, umewajua mapema.

Na leo jioni, usiite mtu. Mahat abaki kwake na elimu yake ya mapaji. Chai apike Sharifo, au upike wewe, haitakuua. Mwite Ruweyda aketi pamoja na mama yake, umuulize swali moja, halafu unyamaze mpaka amalize, hata kama atachukua muda mrefu kuliko ile picha. Akisema ndiyo, mfungue picha pamoja mfike mpaka kwenye viatu. Akisema hapana, toka nje ukaubusu ule waya mbovu, maana bila ya huo na mkono wa binti yako, ungekuwa umeshamwoza mtoto kwa sababu ya pua.

Bi Mwanaheri